Saa za Ofisi Nzima Ziseme Neno Moja

Nilipoitwa kwenye duka la jumla la vifaa vya ujenzi, sikuitwa kurekebisha saa. Niliitwa kutoa video. Kwenye mashine ya kaunta kulikuwa na mauzo ya shilingi 480,000 yaliyofutwa saa 14:14, yaani saa nane na dakika 14 mchana, na mwenye duka alitaka kuona ni nani alikuwa pale. Video ya kamera ya saa 14:14 ilimwonyesha keshia yuko peke yake, hana mteja mbele yake, anahesabu noti. Barua ya kumsimamisha kazi ilikuwa imeshachapwa, iko mezani.

Nilisimama mbele ya kamera, nikainua simu yangu na kuigeuzia lenzi kioo chake. Simu ilisoma 16:02. Kwenye skrini, pembeni mwa picha yangu mwenyewe, paliandikwa 16:13. Nikaenda kaunta: 16:00. Kamera ilikuwa mbele kwa dakika 11, kaunta ilikuwa nyuma kwa dakika 2. Kwa hiyo tukio ambalo kaunta ililiandika 14:14 lilikuwa kwenye video ya 14:27. Tulipoifungua tukamwona mteja amerudisha mabomba, msimamizi wa zamu amesimama kando akiidhinisha, na keshia anamrudishia fedha zake. Barua ile ilichanwa mbele yangu.

Tangu siku hiyo sifungi kamera wala mfumo wa mauzo mahali popote bila kuanza na saa. Kumbukumbu za kompyuta ni ushahidi, na ushahidi huo humhukumu mtu mwenye familia. Mwongozo huu nauandika kwa mwenye duka, ofisi, shule au zahanati yenye kompyuta kumi hadi hamsini, na kwa fundi anayemhudumia. Kazi yenyewe ni ya siku moja, na programu zote zinazohitajika ni za bure.

Tuanze na kwa nini saa zinaachana. Ndani ya kila kompyuta kuna kipande kidogo cha fuwele, na kile cha saa ya ubao mkuu hutetema mara 32,768 kwa sekunde. Kompyuta huhesabu mitetemo kama hiyo ili ijue sekunde imepita. Fuwele hizo ni za bei ndogo, hazilingani, na joto huzibadilisha mwendo. Fuwele ya kawaida inaweza kukosea sehemu 20 katika kila milioni. Ni kidogo kuisikia, lakini piga hesabu: siku ina sekunde 86,400, kwa hiyo kosa ni sekunde 1.7 kwa siku, karibu sekunde 52 kwa mwezi, na zaidi ya dakika 10 kwa mwaka. Ikiwa ya jirani yake inakosea kiasi hichohicho kwa upande wa pili, baada ya mwaka zimeachana dakika 21. Hakuna aliyezichezea. Zimeachwa tu.

Kabla hujafunga chochote, pita ofisi nzima na simu yako mkononi. Simu inayopata saa kutoka kwenye mtandao inatosha kwa hatua hii. Andika kwenye daftari saa ya kila kifaa na tofauti yake: kompyuta, seva, kinasa cha kamera, mashine ya alama za vidole mlangoni, mashine ya risiti, ruta, hata printa kubwa. Usirekebishe kitu bado. Ukubwa wa tofauti utakuambia ugonjwa.

Tofauti ya sekunde kadhaa au dakika kadhaa ni fuwele, kama nilivyoeleza, na dawa yake ni kusawazisha. Tofauti ya saa 3 kamili ni kosa la saa za eneo. Tanzania, Kenya na Uganda ziko saa 3 mbele ya UTC, ile saa ya dunia ambayo kompyuta huitumia ndani kwa ndani. Kifaa ambacho hakikuambiwa kiko wapi husoma UTC yenyewe, na kinakuwa nyuma kwa saa 3 barabara. Hili utaliona pia kwenye kompyuta yenye Windows na Linux pamoja. Windows huichukulia saa ya ubao mkuu kuwa saa ya hapa, Linux huichukulia kuwa UTC, na kila ukihama kutoka moja kwenda nyingine saa inaruka. Njia fupi ni kuiambia Linux ifuate desturi ya Windows kwa amri ya timedatectl set-local-rtc 1. Linux yenyewe itakuonya kwamba si njia bora. Lakini nchi zetu hizi hazisogezi saa mbele na nyuma kufuata majira ya mwaka, kwa hiyo hapa haileti madhara.

Tofauti ya saa 6 kamili ni yetu sisi Waswahili. Mtu ameangalia nje, ni saa tatu asubuhi, akaandika 3:00 kwenye kompyuta iliyotaka 9:00. Nimeikuta kwenye mashine za mahudhurio zaidi ya mara moja, na mfanyakazi anaonekana amefika kazini kabla ya alfajiri. Mahali ambapo saa huwekwa kwa mkono, bandika karatasi yenye mfano mmoja: saa tatu asubuhi ni 09:00, saa tatu usiku ni 21:00.

Kifaa kinachorudi nyuma miaka mingi kila umeme ukikatika kina betri iliyokufa. Kwenye kompyuta nyingi za mezani ni ile ya duara inayofanana na sarafu, imeandikwa CR2032, na ndiyo inayoiendesha saa wakati kompyuta imezimwa ukutani. Kuibadilisha ni kazi ya dakika tano. Dalili yake nyingine ni kivinjari kukataa tovuti za benki na barua pepe kwa madai kwamba cheti cha usalama bado hakijaanza kutumika. Watu hupiga simu kwa kampuni ya intaneti kulalamika, kumbe kompyuta yao iko mwaka ambao cheti hicho hakijatolewa.

Sasa tuje kwenye dawa. Njia ya kusawazisha saa kwenye mtandao inaitwa NTP. Aliyeianzisha ni David Mills wa Chuo Kikuu cha Delaware, Marekani, na maelezo yake ya kwanza yalitolewa mwaka 1985. Mills aliendelea kuifanyia kazi kwa miongo kadhaa huku macho yakimfifia hadi akawa kipofu, na alifariki Januari 2024. Toleo la nne, ambalo ndilo linalotumika leo, lilirasimishwa mwaka 2010.

Inavyofanya kazi inafaa uielewe, kwa sababu ukiielewa utajua wapi inaweza kukudanganya. Kompyuta yako inatuma pakiti kwenye seva ya saa na kuandika ilipoituma. Seva inaandika ilipoipokea na ilipojibu. Kompyuta yako inaandika jibu lilipofika. Tuseme kwa saa yako umetuma kwenye milisekunde 0 na kupokea jibu kwenye 101. Kwa saa ya seva, pakiti imefika kwenye 250 na jibu limeondoka kwenye 251. Safari ya kwenda na kurudi imechukua 101 ukitoa 1 ambayo seva ilikaa nayo, yaani milisekunde 100. Kompyuta inachukulia kwamba kwenda ni 50 na kurudi ni 50. Kwa hiyo pakiti iliyoondoka kwenye 0 ilipaswa kufika kwenye 50, lakini seva inasema ilifika kwenye 250. Saa yako iko nyuma kwa milisekunde 200.

Udhaifu uko kwenye neno “inachukulia”. Ofisini kwako kuna mtu anapandisha video kubwa, njia ya kwenda imejaa na ya kurudi ni nyeupe. Kwenda kunachukua 90, kurudi 10, na hesabu inapotoka kwa milisekunde 40. Kila kompyuta ikiuliza nje kwa wakati wake, kila moja inapata upotovu wake. Ndiyo sababu ya kwanza ya kuwa na seva moja ya saa ndani ya ofisi. Njia kati ya kompyuta na seva hiyo ni waya wa mita thelathini, safari haifiki hata milisekunde moja, na upotovu unakuwa mdogo kiasi hicho. Sababu ya pili ni intaneti kukatika. Bando likiisha au waya ukikatwa barabarani, kompyuta zilizozoea kuuliza nje zinabaki kila moja na fuwele yake. Zenye seva ya ndani zinaendelea kukubaliana.

Kukubaliana kwenyewe ndilo jambo la kwanza. Kama ofisi nzima ingekuwa mbele kwa dakika 11, yule keshia asingeshukiwa, maana kaunta na kamera zingesema jambo moja. Usahihi unakuja baada ya hapo.

Chagua kompyuta isiyozimwa: seva ya mafaili, au kompyuta ndogo iliyo kwenye UPS. Wengi hupenda Raspberry Pi kwa sababu ni rahisi na haili umeme. Ni chaguo zuri kwa sharti moja. Zile za kabla ya toleo la tano hazina kabisa saa inayoendelea zikizimwa, na ya tano inayo lakini lazima uiwekee betri. Umeme ukikatika usiku na intaneti isirudi asubuhi, Pi ya namna hiyo itaamka na saa ya zamani na kuigawa ofisi nzima kwa uaminifu mkubwa. Ifungie kifaa kidogo cha saa cha DS3231 chenye betri yake. Hicho hukosea karibu dakika moja tu kwa mwaka.

Kwenye Linux tumia programu ya chrony. Ziko nyingine, lakini hii ndiyo ninayoipendekeza kwa mazingira yetu bila kusita, kwa sababu inavumilia intaneti inayokuja na kuondoka, na inajifunza kasoro ya fuwele ya kompyuta yako na kuifidia hata ikiwa peke yake. Ukishaifunga, fungua faili la /etc/chrony/chrony.conf kwenye Ubuntu na Debian, au /etc/chrony.conf kwenye Fedora na jamaa zake, uhakikishe lina mistari hii:

pool africa.pool.ntp.org iburst maxsources 4
allow 192.168.1.0/24
local stratum 10
makestep 1 3
rtcsync

Mstari wa kwanza unachukua seva nne kutoka kwenye mradi wa pool.ntp.org, ambao unakusanya seva za watu na taasisi waliojitolea. Kama faili lilikuja na mistari mingine ya pool au server, ifute, hii itoshe. Nne nazitaka kwa makusudi. Ukiwa na mbili na moja ikadanganya, huna njia ya kujua ipi ndiyo mwongo. Ukiwa na nne, moja ikidanganya inaonekana, na hata nyingine ikizimika bado zipo za kutosha.

Mstari wa pili unaruhusu kompyuta za ofisi yako, na hizo tu, kuuliza saa. Badilisha namba zifanane na mtandao wako. Wa tatu ndio unaoiwezesha seva kuendelea kugawa saa intaneti ikikatika. Namba 10 ni tabaka. Saa ya atomu au ya setilaiti ni tabaka la 0, seva iliyounganishwa nayo moja kwa moja ni la 1, inayomfuata huyo ni la 2, na hivyo hivyo hadi 15. Kujiita la 10 ni kusema “nitumieni kama hamna aliye bora kuliko mimi”.

Mstari wa nne uangalie vizuri. Unasema kwamba katika masahihisho matatu ya kwanza baada ya kuwashwa, kama tofauti inazidi sekunde 1, saa iruke mara moja hadi mahali pake. Baada ya hapo isiruke tena, isogezwe polepole kwa kuharakishwa au kucheleweshwa kidogo. Saa ikirudishwa nyuma ghafla mchana, mfumo wa mauzo unaweza kuandika risiti namba 501 kabla ya risiti namba 500, na kuisafisha hifadhidata iliyochanganyika hivyo ni kazi ya machozi. Kwa hiyo vifaa vilivyo mbali sana na saa ya kweli virekebishe jioni, biashara ikiwa imefungwa. Mstari wa mwisho unanakili saa iliyosahihishwa kwenye saa ya ubao mkuu.

Washa upya chrony, subiri dakika chache, kisha andika chronyc sources. Tafuta mstari wenye alama ya nyota mwanzoni: hiyo ndiyo seva inayofuatwa sasa. Zenye alama ya kujumlisha ni nzuri na zinachangia. Zikiwa zote na alama ya kuuliza, hujapata jibu, na mara nyingi kosa ni faiawoli kuzuia UDP kwenye poti 123. Kwenye safu ya Reach, namba inayopendeza ni 377: maana yake maswali yote manane ya mwisho yamejibiwa. Kisha andika chronyc tracking, usome tofauti iliyobaki.

Kwenye kompyuta za Linux za wafanyakazi, weka chrony hiyohiyo lakini kwa mstari wa server 192.168.1.10 iburst, namba ikiwa ya seva yako, na ufute ile ya pool. Kwenye Windows ambazo haziko chini ya domeni, fungua dirisha la amri kama msimamizi na uandike:

w32tm /config /manualpeerlist:"192.168.1.10,0x8" /syncfromflags:manual /update
w32tm /resync
w32tm /query /status

Kabla ya hapo ingia kwenye orodha ya huduma uhakikishe Windows Time imewekwa ianze yenyewe, kwa sababu kwenye kompyuta za namna hii mara nyingi haiwaki kila wakati. Kama ofisi yako ina domeni ya Active Directory, usiguse kompyuta moja moja. Zote hufuata kidhibiti cha domeni, na juu kabisa kuna kimoja chenye kazi ya PDC. Hicho tu ndicho cha kuelekeza kwenye seva yako ya saa. Huko tofauti ina adhabu ya papo kwa papo: Kerberos, inayothibitisha watumiaji, kwa kawaida hukataa kompyuta iliyoachana nayo zaidi ya dakika 5, na mtumiaji anaambiwa hawezi kuingia wakati nywila yake ni sahihi.

Kamera, mashine za vidole, printa na swichi zina sehemu ya NTP kwenye mipangilio yao ya tarehe na saa. Weka namba ya seva yako, weka saa za eneo, kisha zima kila kitu kinachotaja majira ya kiangazi. Ofisi yenye ruta ya MikroTik ya toleo la 7 inaweza hata kuifanya ruta yenyewe iwe seva ya saa, lakini ruta zake ndogo hazina betri na huamka na saa ya zamani kila umeme unaporudi, kwa hiyo mimi huiachia kompyuta kazi hiyo. Na kama una tawi Goma, Kigali au Bujumbura, ambako wako saa 2 mbele ya UTC, usihangaike. NTP husafirisha UTC tu. Saa za eneo huwekwa kwenye kila kifaa mahali kilipo.

Yapo makosa matatu ninayoyaona hata kwa mafundi wazuri. La kwanza ni kuipa kompyuta ya kufikirika, ile inayoishi ndani ya nyingine, mabwana wawili: mwenyeji wake anaivuta huku na NTP inaivuta kule. Chagua mmoja. La pili ni kuchanganya time.google.com na seva za kawaida. Mara chache UTC huongezewa sekunde moja. Google huinyunyiza sekunde hiyo ya nyongeza kidogo kidogo ndani ya saa 24, wengine huiweka kwa mkupuo, na siku hiyo chrony yako haitajua imfuate nani. Sekunde ya mwisho ya namna hiyo iliongezwa mwisho wa mwaka 2016, na mwaka 2022 mataifa yalikubaliana utaratibu huo ubadilishwe ifikapo 2035, lakini kinga haina gharama.

La tatu ndilo baya zaidi: kufungua poti 123 kwa dunia nzima. Februari 2014 wahalifu walitumia seva za NTP zilizoachwa wazi kurusha mafuriko ya data yaliyokaribia gigabiti 400 kwa sekunde. Wenye seva hizo hawakujua kwamba mali yao inatumika. Upande wa pili wa adabu hiyo ni kutowaelemea wengine. Mwaka 2003 Chuo Kikuu cha Wisconsin kilishtukia seva yake ya saa inapigwa na pakiti bila kikomo. Chanzo kilikuwa ruta za Netgear zilizoandikiwa anwani ya seva hiyo kiwandani, ambazo zilirudia swali kila sekunde zisipojibiwa. Seva moja ya ndani ikiuliza kwa niaba ya kompyuta hamsini, unawapunguzia mzigo wale waliojitolea.

Ukimaliza, rudia mzunguko wako na daftari lilelile, kisha urudie tena baada ya wiki moja. Kwenye seva andika chronyc clients uone ni vifaa gani vinauliza. Ukiacha kompyuta za domeni, zinazofuata kidhibiti chao, kifaa kisichoonekana kwenye orodha hiyo hakijasawazishwa, hata kama leo saa yake inaonekana sawa. Baada ya hapo ukaguzi wa mara moja kwa miezi mitatu unatosha, na usisahau kamera.

Mwisho, bandika karatasi ndani ya mlango wa kabati la mtandao. Andika anwani ya seva ya saa, tarehe betri ilipowekwa, na jina la aliyeifunga. Umeme ukikatika siku ambayo hupo, fundi atakayeitwa usiku ataanzia hapo.